Dege Kubwa, Abiria Haba

Mwishoni mwa Julai 2018, Boeing 787-8 Dreamliner ya Air Tanzania ilianza kubeba abiria, na safari zake za mwanzo hazikuwa za Ulaya wala Asia. Zilikuwa za Kilimanjaro na Mwanza. Ndege yenye viti 262, iliyoundwa kukaa angani zaidi ya saa kumi na mbili bila kutua, ikatumika kuvuka kilomita kama 850 kutoka Dar es Salaam hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mumbai ilisubiri hadi Julai 2019.

Kwa watu wa Geita, Kahama na Shinyanga, ambao Mwanza ndiyo mlango wao wa angani, ilikuwa fahari. Kwa mtu wa mahesabu ilikuwa swali, lile lile lililokuwa likiitesa Airbus huko Toulouse wakati huo huo: dege kubwa linalipa lini?

Chukua mfano. Tuseme siku moja watu 250 wanataka kwenda Dar es Salaam kutoka Kanda ya Ziwa. Dreamliner moja inawatosha wote kwa safari moja, na kwa hesabu ya gharama kugawanywa kwa viti inaonekana rahisi. Ila itaondoka saa ngapi? Mfanyabiashara wa Katoro anayekwenda kununua mzigo Kariakoo anataka ndege ya alfajiri ili jioni arudi. Mhasibu wa mgodi ana kikao saa nane mchana. Ofisa wa serikali anaunganisha Dodoma. Ndege moja ya adhuhuri inawaudhi wote watatu. Sasa weka Bombardier Q400 yenye viti 76, iruke mara nne: viti 304, saa nne tofauti za kuchagua. Na Jumanne abiria wakipungua, shirika linafuta safari moja kati ya nne na kuokoa mafuta, muda wa marubani na ada za kutua. Dreamliner haikatwi robo.

Anayesafiri kati ya Kahama na Shinyanga hahitaji kufundishwa jambo hili. Basi kubwa lina nauli yake nzuri, lakini linangoja stendi lijae. Mchomoko, gari dogo la abiria, unajaza watu wachache na kuondoka. Mwenye haraka anapanda mchomoko.

Airbus ilipozindua mradi wa dege lake la A380 mwezi Desemba 2000, iliamini kinyume chake. Viwanja vikubwa kama Heathrow vingejaa, nafasi za kutua zingekwisha, na njia pekee iliyobaki ingekuwa kuongeza watu ndani ya kila ndege. Ilikadiria soko la madege ya namna hiyo kuwa zaidi ya elfu moja. Abiria wa kwanza walipanda Oktoba 2007 na Singapore Airlines. Februari 2019 kampuni ikatangaza kusimamisha utengenezaji, na ya mwisho ikakabidhiwa kwa Emirates Desemba 2021. Zilitoka 251 tu, na 123 kati yake zilinunuliwa na Emirates peke yake. Boeing 747 iliishi zaidi, kutoka 1970 hadi ile ya 1,574 iliyokabidhiwa Januari 2023, lakini ya mwisho hiyo ilikuwa ya mizigo.

Kihandisi A380 haikuwa ndege mbaya. Abiria waliipenda kwa utulivu wake. Tatizo mojawapo lilikuwa kwenye mabawa: yalichorwa yakitazamia toleo refu zaidi ambalo halikutengenezwa, kwa hiyo ndege iliyouzwa ilibeba uzito wa bawa la ndege isiyokuwepo. Juu ya hapo kulikuwa na injini nne za kulisha mafuta na kuzifanyia matengenezo. Na sakafu mbili za abiria huzaa mabegi mengi, hivyo tumbo la ndege halibaki na nafasi kubwa ya mizigo ya biashara, ambayo kwa mashirika mengi ndiyo faida yenyewe.

Injini nne zilikuwa na sababu. Kanuni ya Marekani ya 1953 ilitaka ndege ya injini mbili ibaki ndani ya dakika 60 za kiwanja cha kutua endapo injini moja itazimika. Kuvuka bahari pana kulihitaji injini tatu au nne. Injini zilipozidi kuaminika, ukuta huo ulivunjwa tofali kwa tofali: dakika 120 mwaka 1985, 180 mwaka 1988, hadi 330 kwa Boeing 787 mwaka 2014. Tangu hapo hoja kuu ya injini nne ikafa. Air Tanzania inavuka Bahari ya Hindi kwenda Mumbai kwa injini mbili, na hakuna abiria anayeuliza.

Tanzania yenyewe iliwahi kulionja jumbo. Mwaka 1995, pamoja na Uganda na Afrika Kusini, ilianzisha shirika la pamoja la Alliance Air, lililokwenda London kwa Boeing 747SP iliyokodiwa kutoka South African Airways. SP ni jumbo lililofupishwa: injini nne zile zile, viti vichache zaidi. Boeing waliunda 45 tu katika historia yake yote. Kufikia mwishoni mwa 2000 Alliance ilikuwa imesimama. Lawama nyingi zilitupiwa ugumu wa ubia wa serikali tatu, na ugumu huo ulikuwepo, lakini hata ubia wenye upendo usingefanya chombo kile kiwe cha faida.

Nairobi ililipa ada kubwa zaidi ya somo hili. Kenya Airways ilipokea Boeing 777-300ER tatu, zenye viti 400, kuanzia 2013. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ilitangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7. Ndege hazikuwa sababu pekee, ila mwaka 2016 zote tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na shirika likabaki na 787-8, ndogo kwa zaidi ya viti mia moja. Mwaka 2020 KLM na British Airways nao walistaafisha 747 zao zilizokuwa zikitua Nairobi.

Hata hivyo Mwanza ilishazoea injini nne, ila hazikuja kuchukua watu. Ziliifuata minofu ya sangara. Ilyushin Il-76 za mizigo zilikuwa sura ya kawaida pale uwanjani kiasi kwamba filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, ilizifanya wahusika wakuu. Machi 2005 moja ilianguka ziwani mara baada ya kuruka, na wafanyakazi wake wote wanane wakafa. Samaki wangeweza kungoja ndege ijae, alimradi kuna barafu.

Dhahabu nayo ina mantiki yake. Mgodi wa Geita, wa AngloGold Ashanti, hutoa karibu nusu milioni ya aunsi kwa mwaka. Ukibadilisha kuwa kilo, hiyo ni takriban tani 15 na nusu. Boeing 767 ya mizigo ambayo Air Tanzania iliipokea Juni 2023 hubeba tani 54, maana yake mavuno ya mwaka mzima wa mgodi mkubwa kuliko yote nchini yangeingia katika safari moja na nafasi ikabaki. Lakini hakuna bima itakayokubali, na hakuna mgodi utakaolaza mtaji wake sandukuni miezi kumi na miwili. Ndiyo maana migodi ya Geita na Bulyanhulu ina viwanja vyake vya ndege ndogo. Kinacholipa hapo ni safari za mara kwa mara, na uzito si hoja.

Mwaka 2016 zilipoingia Q400 mbili za kwanza, walikuwepo waliozibeza kwa mapanga ya injini zake kuwa ni panga boi. Kwa umbali wa Mwanza, panga boi lilikuwa jibu sahihi kuliko Dreamliner iliyofuata. Airbus A220-300 yenye viti 132, iliyoingia Desemba 2018, nayo ni saizi nzuri, isipokuwa matatizo ya injini zake yalizilaza baadhi chini kuanzia mwishoni mwa 2022. Shirika lenye ndege chache za aina moja halina pa kujificha: moja ikilala, ratiba ya mikoa mitano inayumba.

Swali la sasa limehamia ardhini. Serikali ilijenga uwanja wa ndege wa Chato, mkoani Geita, wenye njia ya kurukia ya mita 3,000, na Ibadakuli mjini Shinyanga imo katika mradi mmoja na Tabora, Kigoma na Sumbawanga, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kisha tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ghuba ambako zamani magari yalipanga foleni ya kivuko. Geita sasa imeisogelea Mwanza kuliko wakati wowote, na abiria anayeweza kuchagua atafuata kiwanja chenye safari nyingi kwa siku. Daraja hilo linaikusanyia Mwanza abiria wa kutosha kujaza A220, na linaipunguzia Chato hao hao. Shinyanga, yenye lami hadi Mwanza na reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inayojengwa kupitia hapo, itahitaji ndege ya viti 76 au chini yake, asubuhi na jioni. Ikipewa kubwa zaidi mara tatu kwa wiki, abiria wake wataendelea kupandia Mwanza.