Maana 645 za "run": hesabu nzuri, matumizi mabaya

Kila mara mtu anapotaka kuonesha kama Kiingereza ni luga tajiri, anatoaka hesabu moja: kitendo "run" peke yake kiko na maana 645. Hiyo hesabu si uongo. Ilitoka kwa watengenezaji wa Oxford English Dictionary. Katika chapa ya pili, ya 1989, neno lililokamata nafasi kubwa kupita yote lilikuwa "set". Walipoanza kuandika upya kwa chapa ya tatu, "run" ikalipita. Mhariri Peter Gilliver alifanya karibu miezi tisa juu ya hilo neno moja tu.

Kazi yao tunaiheshimu. Niko na shida na namna sisi tunaitumia.

Kwanza, maana hazihesabiwi sawa mifuko ya mahindi. Mahindi unaweka kwenye kilo, kila mtu anapata jibu moja. Maana inategemea mhariri anakata wapi. Mto, pua, mashini, vyote vina-"run". Mmoja ataandika maana tatu, mwingine ataandika moja: kitu kinaendelea mbele bila kusimama. Hata Kijerumani, ndugu ya Kiingereza, kiko na "rennen", kukimbia, na "rinnen", kutiririka.

Pili, sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga hodi. Fimbo iko wapi pale? Lakini hakuna anayejivuna ju ya "kupiga".

Tatu, na hii inagusa mfuko wetu: wengi tunajifunza Kiingereza kwa liste, "run" ni "courir", basi. Kwa sisi ba agronome, "runoff" ni maji ya mvua yenye kukimbia juu ya shamba na kubeba udongo mzuri. Lakini gazeti la Kiingereza likiandika "runoff" juu ya Congo ya 2006, linasema raundi ya pili ya uchaguzi, Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. "Chicken run" si mashindano ya kuku, ni kiwanja chao chenye kuzungushiwa senyenge. "Runner" ya fraise ni shina lenye kutambaa chini.

Sasa ofa ya kazi inaomba mtu wa "run a project". Maana yake ni kuongoza proje kila siku: watu, feza, ripoti. Mwenye liste atafikiri wanataka mtu wa mbio, ataandika barua nzima ya kusifu haraka yake. Anayesoma ile barua hatamuita, na hatamwambia sababu.

Kwa hiyo, 645 tuwaachie wahariri. Ukikutana na "run", angalia neno lenye kuifuata na ni nani anasema: mkulima, mwanasiasa ao patron. Halafu andika sentensi yote kwenye kaye yako, usiandike neno moja.