Duara, Gridi na Mlio Mmoja

Video ambayo fundi mmoja anaithamini kuliko zote haina wimbo wala bibi harusi. Ni ya sekunde chache tu: mandhari ya kijivu, duara kubwa katikati, gridi yenye namba, kingo nne za rangi nne tofauti, maandishi yanayopungua ukubwa mstari kwa mstari, na mlio mmoja unaopigwa sawia na nukta nyeupe inapowaka. Ofisi yake iko Sinza, Dar es Salaam, na riziki yake ni video za harusi na matangazo ya maduka. Kabla kazi ya mteja haijaenda mtandaoni, anarusha kwanza hiyo ya kwake, anaipakua tena, kisha anaikagua kwa utulivu unaoweza kumchosha mtu aliyekaa kando yake.

Kila alama ina swali lake. Duara likirudi limekuwa yai, picha imevutwa. Ukingo mwekundu wa juu ukikosekana, programu imekata, na gridi inasema imekata pikseli ngapi. Mlio na nukta visipokutana, sauti imeachana na picha. Tatizo hilo huwapata sana wanaorekodi kwa simu, maana simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyopungua. Mstari wa maandishi mekundu juu ya weusi upo kwa sababu video za mtandaoni kwa kawaida huhifadhi rangi kwa robo tu ya pikseli zinazohifadhi mwanga. Herufi nyekundu nyembamba ndizo za kwanza kuvuja.

Mafundi wa televisheni walikuwa na kadi za namna hii. Ya BBC iliyojulikana zaidi, Test Card F ya mwaka 1967, inamwonyesha Carole Hersee, binti wa mhandisi George Hersee aliyeibuni, akiwa na mwanasesere mbele ya ubao. Alama ya X kwenye ule ubao imewekwa katikati kamili ya skrini. Lakini kituo cha televisheni kilimiliki mtambo wake. Picha ya fundi wetu hupita kwenye mashine za watu wengine, zilizo mbali, zinazoikata na kuibana bila kumuuliza.

Majedwali ya vipimo yamejaa kila mahali, na namba zake nyingi ni sahihi: 1920 kwa 1080 kwa YouTube, 1080 kwa 1920 kwa TikTok na Reels, 1080 kwa 1350 kwa picha ya wima ya Instagram. Ugumu unaanza pale harusi moja inapotakiwa kukaa kwenye maumbo yote hayo. Kerns Powers, mhandisi wa Marekani, alikutana na jambo kama hilo katika miaka ya 1980. Alichora maumbo ya skrini yaliyokuwa yakitumika, kuanzia 4:3 ya televisheni hadi upana wa sinema, yote yakiwa na eneo sawa, akayapanga juu ya kitovu kimoja. Mstatili ulioyazunguka yote ulikuwa na uwiano uleule wa mstatili wa ndani ambao yote yaliuchangia. Huo ndio 16:9 ulioko leo kwenye runinga ya sebuleni.

Fundi wa Sinza anafanya vivyo hivyo, ila hesabu yake ina uchungu zaidi. Ukitaka kipande cha wima ndani ya fremu ya 1920 kwa 1080, upana unaopatikana ni pikseli 607.5. Pikseli haina nusu, na H.264, mfumo wa kubana video wa tangu 2003, kwa matumizi ya kawaida unataka namba shufwa. Kwa hiyo anachukua 608. Kuikuza 608 mpaka 1080 kunaleta ukungu, ndiyo maana anawaomba wapiga picha warekodi kwa 4K. Anawaomba pia maharusi wakatie keki katikati ya jukwaa. Shangazi aliyesimama pembeni na zawadi yake atakuwepo YouTube, TikTok hatakuwepo, na simu ya lawama itapigwa Sinza.

Halafu kuna yale ambayo jedwali halisemi. Chini ya video ya wima hukaa maelezo na jina la akaunti, kulia vitufe vya kupenda na kushirikisha. Gridi yake inaonyesha mraba gani umefunikwa, naye anapandisha majina ya maharusi juu ya hapo. Instagram nayo, mwanzoni mwa 2025, iliacha miraba kwenye ukurasa wa akaunti ikaingia 3:4, na picha za jalada zilizopangwa kwa umakini zikaonekana vingine kabisa.

Kwangu, jaribio lake zuri kuliko yote ni la kanga. Anaitundika kwenye kamba nje, nyuma yake mwarobaini unaotikiswa na upepo, anairekodi, kisha anaituma WhatsApp. Kubana video ni kuhifadhi kilichobadilika baina ya fremu na fremu. Mshereheshaji aliyesimama tuli hagharimu kitu, majani yanayocheza yanakula karibu kila kitu. Kanga ina pindo la michoro midogo na ina maandishi, kwa hiyo anaona palepale kinachokufa kwanza. Akiona majani yameuficha ujumbe, anajaribu tena akiwa amesafisha chengachenga za giza, au ametia ukungu kidogo nyuma, mpaka ujumbe usomeke.

Anausomea kwenye simu ya bei nafuu yenye ufa, mwangaza nusu, juani kituo cha daladala. Kioo kizuri cha ofisini anakiita mwongo.

Mteja hupokea mafaili manne, kila moja lina jina la mtandao wake. Wengi hurusha lile la kwanza kila mahali.