Mama alikuwaka napumua: juu ya kuzungusha sauti ya marehemu

Wengi mnanijua kwa mambo ya mihogo na migomba. Leo mnivumilie, nitaongea juu ya sauti.

Hapa Bukavu siku hizi ni vigumu kumaliza kilio bila video. Picha za marehemu zinapita moja moja kwenye ukuta, na chini yake kuna sauti yake, iliyotolewa mu video ya ndoa au ya ubatizo, inazunguka bila mwisho. Vijana wa montaji, na sisi wenye mashini nyumbani, tunapima kazi hiyo kwa kipimo kimoja tu: mshono unasikika ao hausikiki? Kama mwisho unaingia mu mwanzo bila mtu kujua, tunasema kazi ni nzuri. Mimi nasema kipimo hicho kina kasoro. Nasema hivyo kwa sababu nilikitumia mwenyewe, na kilinipa aibu mbele ya jamaa yangu.

Koko wetu alipofariki, walikuja kwangu kwa sababu njo mimi niko na mashini. Kulikuwa DVD ya ndoa moja ya mwaka 2009. Mle ndani Koko amekaa nyuma ya nyumba pamoja na wamama wengine, wanamenya ndizi, na yeye anaimba. Sekunde 38 tu, halafu kamera inageuka kufuata gari la maharusi. Ni sauti yake peke yake tuliyobaki nayo. Wakaniambia: tutoshee hiyo sauti, iimbe wakati watu wanaingia.

Nieleze kazi yenyewe, kwa maana wengine mtaombwa kuifanya. Programu ya Audacity ni ya bure, na ukiiongezea FFmpeg inaweza kufungua video na kukuachia sauti peke yake. Ile sauti uiweke mu WAV. MP3 inaongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo ukizungusha utasikia shimo kila mara. Halafu unatafuta pa kukata. Ukikata mahali wimbi liko juu, spika itapiga "tak". Ukikata pale linapovuka mstari wa sifuri, hiyo "tak" inapotea. Mwishoni unachukua nusu sekunde ya mwisho, unailaza juu ya nusu sekunde ya mwanzo, moja inashuka pole pole na nyingine inapanda. Njo mshono huo.

Mpaka hapo nilikuwa nafanya vizuri. Shida ilikuwa makelele. Kulikuwa grupu ya umeme, masufuria, na mtoto mmoja aliyekohoa katikati. Kikohozi kikipita mara moja hakuna mtu anakisikia. Kikirudi kila sekunde 38, baada ya mara tatu watu wote wanakingojea. Tena kamera nyingi za nyumbani zinajipandishia sauti zenyewe kila mtu anaponyamaza. Kila mara Koko alipovuta pumzi, kamera ilifikiri ni kimya, ikapandisha, na pumzi ikatoka kama upepo mu dirisha. Basi nikasafisha. Nikatosha grupu, nikatosha kikohozi, nikatosha pumzi moja baada ya nyingine. Nilifanya kazi usiku mbili. Nikapata Koko anayeimba bila mwanzo na bila mwisho, safi kama maji ya chupa. Nilijivuna sana.

Siku yenyewe tuliweka kwenye bafle. Watu wakaingia, wakakaa. Baada ya dakika kama tano mama mkubwa, binti wa kwanza wa Koko, akanikaribia na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mutoto yangu, uzime ile kitu. Uyu haiko mama. Mama alikuwaka napumua."

Nikazima. Sikuwa na la kujibu.

Baadaye rafiki mmoja anayependa muziki alinipa kazi ya Mwingereza Gavin Bryars, iitwayo Jesus' Blood Never Failed Me Yet. Nilipoisikia nilielewa kosa langu vizuri zaidi, na pia niliona kosa lingine ambalo huyu bwana mkubwa mwenyewe hakuliepuka.

Historia yake ni hii. Mwaka 1971 Bryars alisaidia rafiki yake aliyekuwa anatengeneza filimu juu ya watu wasio na makao mjini London, upande wa Elephant and Castle na stesheni ya Waterloo. Kati ya watu waliopigwa filimu kulikuwa mzee mmoja aliyeimba wimbo mfupi wa dini. Kipande kile hakikutumika mu filimu, na Bryars akapewa mikanda iliyobaki. Akakuta mzee anaimba sawa na piano yake ya nyumbani, na kwamba sehemu ya kwanza, vipimo 13 vya muziki, inaweza kuzunguka. Akaenda nayo Leicester, alikokuwa anafanya kazi kwenye shule ya sanaa, ili anakili ule mzunguko kwenye mkanda mrefu. Akaacha mlango wazi, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, chumba cha jirani ambamo watu walikuwa wanachora, ambacho kawaida kina kelele, kilikuwa kimetulia. Watu walikuwa wanatembea pole pole, na wengine wamekaa peke yao wanalia.

Akaandika muziki wa kusindikiza ile sauti. Ulipigwa mara ya kwanza London Desemba 1972. Mwaka 1975 ukatoka kwenye sahani, dakika kama 25, kwa sababu upande mmoja wa sahani haubebi zaidi. Mwaka 1993 ukatoka tena kwenye CD, dakika 74, safari hii na mwimbaji Tom Waits.

Kwa nini watu wa Leicester walilia, na mama mkubwa wangu akakasirika? Mashini ni ileile, mkanda unazunguka vilevile. Sababu ninayoiona mimi ni kwamba Bryars hakumsafisha mzee. Sauti ni ya uzee, inatetemeka, na mapigo hayalingani sawasawa. Kila mara mwisho unapokutana na mwanzo, mguu unajikwaa kidogo. Violini zinaingia moja moja, lakini njo zenyewe zinamfuata mzee, hazimlazimishi atembee kama saa ya ukutani. Unamsikia mtu aliyeanza kuimba na anaweza kuchoka. Kwa hiyo kila anaporudi, ni kama amekubali kuanza upya. Koko wangu hakukubali chochote. Nilimfungia ndani ya duara lisilo na mlango.

Hapo nampa Bryars haki yake yote. Lakini toleo la 1993 silipendi, na nitasema kwa nini. Mu toleo hilo Tom Waits anaingia kuimba pamoja na mzee, halafu kwenye sehemu ya mwisho mzee anatoweka, Waits anabaki na violini za juu. Waits anaimba vizuri, sibishi. Lakini dakika zaidi ya sitini tumekaa na mtu asiye na nyumba, na mwishoni anayefunga mlango ni mtu maarufu. Mzee alifariki kabla ya kusikia walichofanya na sauti yake. Jina lake halimo hata mu kichwa cha kazi. Kitu kidogo alichostahili ni kumaliza wimbo wake mwenyewe. Toleo la 1975 ni fupi na ni dogo, lakini halina mgeni wa kumpokonya mzee nafasi yake. Kwangu njo toleo bora.

Mtu anaweza kuniuliza: sasa mshono usikike, kazi iwe mbaya? Hapana. Wenzangu wa agronomia watanielewa. Ukipandikiza avokado, unapanga ganda la kijiti na ganda la mche ili sehemu hai zikutane, unafunga vizuri ili hewa na maji visiingie. Ukikosea, kijiti kinakauka. Kwa hiyo mshono unahitaji ufundi. Lakini hata ukifaulu, kovu linabaki kwenye shina, na mkulima anayejua anakuonyesha kwa kidole: chini ya hapa ni mti mwingine. Hakuna anayeparua shina ili kulificha. Ile "tak" ni kijiti kilichokauka, iondoe. Pumzi ni kovu, iache.

Nilirudi kwenye DVD wiki iliyofuata. Safari hii nilikata palepale Koko anapovuta pumzi: wimbo unaisha, anavuta, anaanza tena. Makelele ya grupu nilipunguza kidogo tu, masufuria nikaacha. Kikohozi kilibaki. Na sikuzungusha bila mwisho: mara tatu, basi.

Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya zile usiku mbili zote. Niliacha video iendelee baada ya sekunde 38, kamera ikiwa imekwisha kugeukia gari. Koko haonekani tena, lakini maikrofoni bado inamsikia. Anamaliza wimbo, anacheka, na anamwambia mpiga kamera: "Inatosha sasa. Kuya ule kwanza."

Mwezi mzima nilikuwa na yale maneno kwenye mashini yangu. Sikuyasikia kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kukata. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutuonyesha mwisho, na mimi nilikuwa nafanya kazi ya kuufuta.

Niliweka yote pamoja: wimbo mara tatu, kicheko, na yale maneno. Nikapeleka kwa mama mkubwa mu kle, bila kumweleza kitu. Aliisikiliza jikoni na simu ya mjukuu wake karibu na sikio. Ilipofika "kuya ule kwanza" alijibu "ndiyo, mama," kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Halafu akairudisha mwanzo yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaotengeneza video za vilio ni dogo. Kabla ya kukata, sikilizeni mkanda wote mpaka mwisho. Msiondoe pumzi. Na mzunguko muuache uishe. Anayetaka kusikia tena atairudisha mwenyewe.

Tuko pamoja.