Mentmore: Milioni Mbili Zilizokataliwa

Jumba la Mentmore, Buckinghamshire, Uingereza, lilijengwa kati ya 1852 na 1854 kwa ajili ya Baroni Mayer de Rothschild. Ramani yake ilichorwa na Joseph Paxton, aliyebuni jumba la vioo la Crystal Palace, akisaidiwa na mkwewe, George Henry Stokes. Ukumbi wake umeezekwa kwa vioo ili samani na picha za baroni zipate mwanga. Jumba na vilivyomo vilikuwa kitu kimoja, na kosa la 1977 ni kuvitenganisha.

Baroni alifariki 1874. Binti yake, Hannah, alirithi, na mwaka 1878 akaolewa na Lodi Rosebery, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hazina za taifa zilihifadhiwa humo, ikiwemo gari la dhahabu la kifalme.

Lodi Rosebery wa sita alipofariki 1974, kodi ya mirathi iliwaelemea warithi. Waliitaka Serikali ichukue jumba pamoja na vyote vilivyomo kwa pauni milioni 2. Serikali ya Waziri Mkuu Callaghan ilikataa, na kisingizio kilikuwa uhaba wa fedha. Lakini fedha ziliwahi kutengwa kwa kazi hiyo hiyo. Mwaka 1946 Waziri wa Fedha Hugh Dalton alianzisha Mfuko wa Taifa wa Ardhi kwa pauni milioni 50 zilizotokana na mauzo ya masalio ya vita, uwe kumbukumbu ya waliouawa. Dalton alijua kuwa akiba haiozi. Waliomfuata waliichota: mwaka 1957 Hazina ilichukua milioni 50 na kuacha milioni 10. Hata salio hilo lingetosha kuiokoa Mentmore.

Mei 1977 Sotheby's ilivinadi vilivyomo kwa zaidi ya pauni milioni 6, mara tatu ya bei iliyokataliwa, na jumba lenyewe halimo katika hesabu hiyo. Picha moja, iliyodhaniwa kuwa ya Carle van Loo, ilinunuliwa kwa 8,000 na David Carritt, aliyetambua kuwa ni ya Fragonard. Mwaka uliofuata National Gallery ya London iliinunua kwa 495,000. Kwa picha moja, taasisi ya umma ililipa karibu robo ya bei ya Mentmore nzima.

Jumba tupu liliuzwa 1978 kwa wafuasi wa Maharishi Mahesh Yogi, kisha 1999 kwa mwekezaji aliyekusudia kuligeuza hoteli, lakini hoteli haikufunguliwa. Mwaka 1980 Bunge liliunda mfuko mpya wa urithi wa taifa badala ya ule wa Dalton, huru kutoka kwa Hazina.