Wangari Maathai na Miche Iliyoshika

Wengi humkumbuka Wangari Maathai kwa ushupavu wake: mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, na miaka kumi baadaye alipoutetea msitu wa Karura. Ushupavu huo nauheshimu. Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni ustadi wake wa kazi.

Taaluma yake ilikuwa anatomia. Aliporudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1966, alianza kazi ya kuchunguza tishu katika idara ya anatomia ya mifugo, Nairobi. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kipande cha nyama hutiwa dawa kisioze, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa kwa wembamba unaopita wa unywele, hutiwa rangi, ndipo kiwekwe chini ya hadubini. Ukiruka hatua moja, huoni kitu. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Jicho lile lile alikwenda nalo mashambani. Akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo wa mashamba. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya akawasikia wanawake wa vijijini wakililia kuni, maji safi na chakula. Akatambua kwamba shida ni moja: miti imekatwa, na mzigo umemwangukia mwanamke.

Mradi wake wa kwanza wa kupanda miti ulikwama, miche mingi ikafa. Hakukata tamaa. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, na hapo likaanza vuguvugu la Green Belt. Maofisa wa misitu waliposhikilia kwamba miti ni kazi ya wenye diploma, aliwaambia akina mama watumie ujuzi waliokuwa nao tangu zamani wa kupanda mahindi na maharagwe. Wakaokota mbegu za miti ya kienyeji, wakazisia katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaviinua juu kuku na mbuzi wasivifikie.

Aliyewahi kutunza kitalu anajua kazi iliyomo. Udongo huchekechwa na kuchanganywa na samadi. Mche huhamishiwa kwenye kiriba kwa kushikwa jani, maana shina likiminywa umekufa. Karibu na msimu wa mvua hupunguziwa maji na kivuli, uzoee jua la shambani.

Ustadi wa Wangari ulikuwa katika utaratibu alioujenga juu ya kazi hiyo. Vikundi vilifuata hatua kumi, na akina mama walipata ujira mdogo kwa mche uliothibitishwa kuwa umeshika. Mche uliochomekwa tu ardhini haukuwa na malipo. Kwa hiyo mama alirudi kumwagilia, akapalilia, akajenga uzio. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyopandwa na vuguvugu hilo ilikuwa imefika milioni 30.

Leo Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni lengo jema, na litafikiwa tukihesabu kama alivyohesabu Wangari: turudi shambani baada ya miezi kadhaa, tuhesabu iliyo hai, na aliyeitunza alipwe.