Kiungio kinachofunguka na kile kisichofunguka

Rangi ya ukuta wa korido ilianza kufura mwezi Machi, kimo cha goti, mgongoni mwa bafu. Kwanza tulisingizia mvua. Lengelenge lilipopasuka, nikabonyeza lipu kwa kidole gumba na kidole kikazama. Mvua hainyeshi katikati ya nyumba.

Nyumba ipo Kimara, Dar es Salaam, na maji yake hushuka kutoka tenki la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa zege. Usiku mmoja nilifunga koki inayoingiza maji kwenye tenki, tukakubaliana nyumbani kwamba hakuna atakayegusa bomba, nikapima kimo cha maji kwa fito saa 4 usiku na tena saa 12 asubuhi. Yalikuwa yameshuka sentimita 2 na nusu. Tenki lina kipenyo cha mita 1.1, kwa hiyo kila sentimita ya kimo ni karibu lita 9 na nusu. Karibu lita 24 zilikuwa zimepotea ndani ya saa 8. Kwa siku ni lita 72, na kwa mwezi ni zaidi ya uniti 2 za bili, maji ambayo hayakumwosha mtu wala kupika chochote. Usiku wa pili nilifunga pia koki ndogo ya choo na zile za chini ya sinki. Upotevu ukabaki vilevile. Basi vifaa vilikuwa salama. Kilichovuja ni bomba lenyewe, ndani ya ukuta.

Mpaka hapo sikuhitaji fundi, na naamini mwenye nyumba anayeweza kusoma mita na kushika fito hamhitaji kwa kazi hii. Kulitafuta tatizo ni kazi ya anayelala humo ndani. Niliteleza katika hatua iliyofuata.

Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimebadilisha washa ya bomba la jikoni, floti ya choo na mpira unaopeleka maji kwenye sinki, na vyote vilikaa. Washa moja haizidi nauli ya daladala. Unafunga koki, unafungua nati, unatoa kipande cha mpira kilichochakaa, unaweka kipya. Tepu nyeupe unaizungusha kufuata mwelekeo wa kukaza, maana ukiizungusha kinyume inajikunja na kutoka nati inapoingia. Ikivuja, unaona tone palepale, unafungua, unarudia. Kazi hizo zilinipa ujasiri mkubwa kuliko ujuzi wangu, kwa sababu sikujiuliza kwa nini zilifanikiwa. Zilifanikiwa kwa sababu zote zilikuwa za uzi na mpira: kiungio kinachofunguka, kilicho wazi mbele ya macho, kinachomsamehe anayekosea.

Bomba la PPR, lile la plastiki lililo ndani ya ukuta wetu, halina nati. Bomba na elbo huvikwa kwenye vichwa vya mashine iliyopashwa hadi nyuzi joto 260, plastiki inayeyuka, kisha vinasukumwa vikawa kitu kimoja. Kwa bomba la milimita 20, lile la kawaida majumbani, ni sekunde 5 za moto, sekunde 4 za kuunganisha, na dakika 2 za kupoa bila kuguswa. Ukikosea, unakata. Pia bomba hilo, la daraja la PN 20, lina unene wa milimita 3.4, hivyo tundu lake ni milimita 13.2 tu. Ukilichoma kupita muda au kulisukuma kupita alama, plastiki laini hujikunja kwa ndani na kuziba sehemu ya njia. Kwa nyumba ya tenki hili si jambo dogo: mita 10 za kimo hutoa msukumo wa ba 1, na tenki letu liko mita 5 tu juu ya bomba la kuogea. Nusu ba haina nguvu ya kupoteza kwenye tundu lililobanwa.

Niliazima mashine. Nikachimba ukuta upande wa korido, tundu la ukubwa wa kiganja, nikaiona elbo inayotiririsha. Nikafunga maji ya tenki, nikakata, nikachoma elbo mpya. Kwa nje ilipendeza, ina zile pete mbili za plastiki zilizobanana. Siku ya tatu nikapiga lipu. Wiki mbili baadaye ukuta ulikuwa umelowa tena.

Fundi bomba niliyemwita alitazama kipande nilichounganisha, akakikata, akakipasua kwa urefu kwa msumeno na kunionyesha. Upande mmoja plastiki ilikuwa imeshikana. Upande wa pili kulikuwa na mfereji mwembamba wenye vitundu vidogo kama vya kitumbua.

"Kaka," akasema, "hapa ulichemsha maji, hukuchoma bomba."

Koki ya tenki nilikuwa nimeifunga kweli, lakini maji yaliyobaki bombani yaliendelea kudondoka kidogo kidogo, na tone moja likigusa plastiki iliyoyeyuka linageuka mvuke na kuacha njia. Yeye alifungua bomba la uani, lililo chini kuliko yote, na bomba la kuogea lililo juu, hewa iingie na maji yatoke. Akasubiri. Matone yalipokataa kuisha, akaomba kipande cha mkate mweupe, akakifinyanga, akakisokomeza ndani ya bomba. Mkate ulizuia maji kwa dakika alizozihitaji. Kabla ya kurudisha maji alifungua kichwa cha bomba la kuogea, mkate uliolowa ukatoka wote kama makapi.

Jambo la pili alilofanya ndilo lililonifundisha zaidi. Alilipanua tundu langu hadi kama sentimita 60. Mimi nilikuwa nimelibana nikidhani naokoa ukuta. Lakini kiungio cha mwisho kwenye bomba lililoshikwa na saruji pande zote mbili hakina nafasi: lazima vipande viwili viachane, kichwa cha mashine kiingie katikati, kisha virudiane vikiwa vimenyooka. Bomba lisilopata urefu wa kupinda kidogo haliwezi kufanya hivyo, na mtu analazimisha kwa pembe. Mimi nililazimisha. Yeye alipima karibu milimita 14 kutoka ncha ya bomba, akaweka alama ya penseli, akafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akahesabu sekunde kwa sauti. Halafu akafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa bomba la kuogea, akapandisha hadi ba 6, tukakaa saa nzima tukiutazama mshale. Haukushuka. Ndipo akaruhusu lipu.

Basi nilinunua saruji mara mbili na rangi mara mbili, na bado nikamlipa fundi. Tunapolinganisha gharama tunaweka ujira wa fundi upande mmoja na bei ya elbo upande wa pili, tukiusahau ukuta, ilhali ukuta ndio ghali. Vigae vya bafu vya miaka saba iliyopita hata dukani havipo tena.

Maji taka yana kanuni yake, nayo ni ya mteremko. Bomba la inchi 4 la choo huhitaji kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita; likilazwa karibu sawa na ardhi, uchafu unabaki nyuma ya maji, na kosa hilo litajitokeza miezi kadhaa baadaye chini ya sakafu iliyokwisha kumwagwa. Hiyo ni kazi ya fundi. Lakini harufu ya bafu la wageni lisilotumika kwa kawaida haimhitaji fundi: maji ya kwenye trapu ya sakafuni yamekauka, na ndiyo yanayozuia hewa ya shimo la maji taka isipande. Mwaga ndoo ya maji, usubiri.

Kuhusu shimo lenyewe sina lugha laini. Asiingie mtu, mwenye nyumba wala kibarua, hata kwa dakika moja, hata kuokota ndoo. Hewa yake humwangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Liite gari la kunyonya. Na valvu ya usalama ya tenki la maji moto ikidondosha maji, usiizibe. Inapunguza shinikizo ambalo lingepasua tenki.

Fundi mzuri anaweza kuwa na cheti cha ufundi bomba cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au awe amejifunza kazini. VETA yenyewe huwapima na kuwapa vyeti mafundi wa aina hiyo ya pili. Mimi sasa huuliza swali moja kabla ya bei: utaijaribu vipi kabla hatujafunika? Anayejibu kwamba tutaona ikilowa, namshukuru na kumsindikiza getini.

Kabla lipu haijapigwa, fundi wangu aliomba simu yangu. Akashikilia futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye bomba, kisha kutoka fremu ya mlango hadi kwenye elbo, akapiga picha mbili.

"Hizi usifute," akasema.

Nimezichapisha, nikazibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni.