Watatu Waliopungua

Jumla ya jedwali la kwanza na ya jedwali la pili zilipishana kwa watu watatu. Mimi sikuona. Nilikwisha kuusoma mswada ule mara nyingi, hata macho yakawa yanateleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Aliyeona ni daktari mmoja mzee tuliyekuwa tukimpelekea kazi zetu kabla hazijaenda jaridani. Hakuwa na shida na utangulizi wala mjadala. Alianzia kwenye majedwali, kalamu mkononi, midomo ikichezacheza. Akaweka kidole.

"Mwanangu, hawa watatu wamekwenda wapi?"

Nikasema tofauti ni ndogo, mzee, haibadilishi matokeo.

"Ndogo kwako," akasema. "Nenda kawatafute."

Tukarudi masjala, tukakaa na vumbi la mafaili kwa siku mbili. Wa kwanza alikuwa amehamishiwa hospitali nyingine kabla hajatolewa damu. Wa pili alitolewa, ila sampuli yake iliharibika njiani kuelekea maabara. Wa tatu alituhangaisha, mpaka karani wa masjala, mama mmoja ambaye miwani yake imefungwa uzi, alipotuwekea mafaili mawili mezani: mtu mmoja, aliyeandikishwa safari ya kwanza kwa jina la baba na safari ya pili kwa jina la babu. Kumbe hakukuwa na wa tatu. Jedwali la kwanza, lile tulilokuwa tukiliapia, ndilo lililokuwa na mtu wa ziada.

Wengi wanaona kuandaa mswada wa jarida la tiba ni ukarani unaofuata baada ya utafiti kwisha: unapanga kurasa, unaweka nukta, unatuma. Nami niliona hivyo. Baada ya siku zile mbili nikaanza kuuheshimu kama ufundi, kwa sababu kwenye meza ya kuandikia ndiko mtafiti anakotenganisha alichokiona na alichodhani amekiona.

Majarida karibu yote yanadai mpangilio mmoja: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Msomaji anaingilia mlango wa mbele. Fundi anaingilia uani, anaanza na mbinu, maana mbinu hazimtaki awe na ufasaha, zinamtaka awe na kumbukumbu. Nani aliingizwa na nani aliachwa? Damu ilikaa muda gani kabla ya kupimwa? Aliyehoji alijua nani yuko kundi gani? Ikisiri, ingawa ndiyo itakayosomwa na watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote, huandikwa mwisho kabisa. Nimeona walioanza nayo wakabaki kuilazimisha makala nzima iifuate ikisiri.

Na kwetu mbinu zina mzigo ambao mtafiti wa London haubebi: lugha. Dodoso limeulizwa kwa Kiswahili, makala inaandikwa kwa Kiingereza, na katikati kuna daraja bovu. Mama akisema mtoto "ana homa", anaweza kuwa anasema mwili una joto, anaweza kuwa anasema malaria, na anaweza kuwa anasema tu kwamba mtoto hayuko sawa. Mwandishi mvivu anaandika neno moja la Kiingereza la joto la mwili, na hapo mama amekwisha kutiwa maneno mdomoni. Mwandishi fundi anaeleza swali liliulizwaje na jibu lilichukuliwaje. Mwaka 1996 ilitoka makala kuhusu watoto wa wilaya ya Bagamoyo na malaria kali, na katika kichwa chake cha Kiingereza neno "degedege" liliachwa kama lilivyo. Kulikuwa na istilahi za kitabibu za kuazima, lakini kila moja ingekuwa nyembamba au pana kuliko kile ambacho wazazi walikuwa wakikieleza. Kuacha neno mahali pake ni uamuzi wa kiufundi, na mara nyingine ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyomo katika makala.

Kuna neno jingine lililopita njia hiyohiyo likakutana na uzembe wa watu. Mwaka 1952 kulizuka homa katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, iliyowakamata watu viungo kwa maumivu makali hata wakajikunja. Mwaka 1955 Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha makala mbili zinazokwenda pamoja katika jarida la Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene, mmoja akieleza dalili na mwingine akieleza mlipuko wenyewe. Jina walilolichukua ni la wenyeji: chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kile kinachokunja. Baadaye waandishi wengi wakaandika kwamba ni neno la Kiswahili. Mmoja alikosea, wa pili akanakili, wa tatu akamtaja wa pili, na Wamakonde wakafutwa katika ugonjwa wao wenyewe. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na sentensi hiyo anacheka, kwa sababu anajua hajawahi kulitamka neno hilo akiwa na maana hiyo. Ndiyo maana sivumilii marejeleo ya kunakili. Namba ndogo ile mwishoni mwa sentensi ni kiapo kwamba umeifungua makala yenyewe ukaisoma. Kuipata makala ya zamani kunachosha, wakati mwingine kunagharimu fedha. Basi kama hukuisoma, usiitaje.

Sidai kwamba fundi hakosei. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 katika British Journal of Surgery makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika, na katika kichwa cha habari akauita sakoma. Hapohapo Kampala wanapatholojia wakaja kuonyesha kwamba ni limfoma. Neno kuu la kichwa cha habari lilikuwa na kosa! Lakini makala haikufa, kwa kuwa chini ya neno hilo Burkitt alikuwa ameweka alichokiona: taya zipi, umri gani, uvimbe mwingine ulikuwa wapi mwilini. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari wakazunguka takriban maili 10,000 kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, hospitali kwa hospitali, wakiuliza kama uvimbe ule unaonekana huko. Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Michael Epstein, ambaye mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kuonekana kwa kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Jina la ugonjwa lilirekebishika kirahisi. Kama maelezo ya wagonjwa ndiyo yangekuwa yametiwa chumvi, nani angeyarekebisha, na kwa kutumia nini?

Ndiyo maana naipenda aya ya mapungufu, ile ambayo vijana huiandika kama anayeungama kwa shingo upande. Sampuli ilikuwa ndogo, utafiti ulifanyika kituo kimoja, wanaume hawakuja kliniki kwa wingi. Aya hiyo ikiandikwa vizuri inamwambia msomaji akanyage wapi na asikanyage wapi. Ikiandikwa vibaya ni unyenyekevu wa kuvaa: mapungufu mawili yasiyouma yanatajwa, lile linalouma linafunikwa kawa. Wahakiki wanaijua hila hiyo kuliko wewe.

Orodha ya waandishi inavunja urafiki kuliko takwimu. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakaanza kukubaliana jinsi miswada inavyopaswa kuletwa. Kamati iliyozaliwa pale ndiyo leo inayosema nani aitwe mwandishi. Awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya takwimu au kuzichambua. Awe ameandika au amehakiki kwa kina. Awe ameridhia toleo la mwisho. Na tangu 2013, awe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Masharti manne, na yote kwa pamoja. Sasa nenda kamweleze mkubwa wa idara, aliyekupa ofisi na barua ya utambulisho, kwamba yeye ametimiza sifuri. Nilipokuwa mchanga niliwahi kuweka jina la mtu ambaye, nina hakika, hajaufungua mswada mpaka leo. Niliita heshima. Ilikuwa woga. Shikamoo yake ningeweza kumpa koridoni.

Mengine ni ya kuvumilia tu. Tanzania Bara unaomba ridhaa ya kuchapisha kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, unasubiri. Unapanga marejeleo kwa mtindo wa jarida, ukikataliwa unayapanga upya kwa mtindo wa jarida jingine. Barua kwa mhariri iwe fupi.

Mswada wetu wa watu watatu ulipokaribia kutumwa, tuliusoma kwa sauti kama mzee alivyotufundisha: mmoja anasoma tarakimu, mwingine anafuata kwa kidole kwenye rejista. Ikabaki aya ya shukrani. Tulitaka kumtaja mama wa masjala, na anayetajwa ni lazima aombwe ruhusa kwanza, kwa sababu kutajwa kunaweza kuonekana kama kuikubali kazi. Nikamchapishia mswada mzima, nikampelekea.

"Mmeandika nini kuhusu mimi?" aliuliza, akiishikilia miwani kwa mkono.

Nilimtafsiria sentensi yake. Akaridhika. Kisha, badala ya kunirudishia karatasi, akataka kujua kurasa nyingine zinasema nini. Nikamtafsiria mbinu, sentensi moja moja, kwa haraka, nikiwaza basi la jioni. Tulipofika kwenye siku za kliniki akanisimamisha.

"Jumatatu na Jumatano?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyo kwenye tangazo la mlangoni."

"Tangazo la zamani hilo. Masika mwaka ule ukuta uliporomoka, tukahamia kwa wenzetu, tukawa tunapata chumba Alhamisi tu. Karibu miezi miwili." Akainuka kwenda kwenye rafu. "Ngoja nikupe rejista."

Nikaketi, nikafungua kompyuta tena.